Kamba Niliyomnyang'anya Manka

Vijana wangu, mliniomba makabidhiano, nami nilikabidhi vyote kwa nusu saa: funguo mbili, moja haifungui kitu chochote duniani, kabati la chuma lililobonyea, sanduku la mbao lenye picha na vibao, na pikipiki isiyokubali kuwaka mpaka uiseme vibaya. Kisha mmoja wenu akatazama ukutani juu ya meza yangu, akaona kamba ya mgomba ikining'inia kwenye msumari, akaandika kwenye orodha: "Kamba, moja, chakavu." Nilicheka mpaka mkaniletea maji. Kamba nimeondoka nayo. Badala yake nawaachia kurasa hizi, mzisome siku ambayo mvua imewafungia ofisini na hakuna mzazi aliyekuja. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyote viwili vilikuwa vidogo, na vidogo havisimuliki.

Nilirudi Moshi mwishoni mwa miaka ya themanini kutoka masomoni Urusi, nikiwa na shahada, koti la manyoya, na sanduku hilo hilo mlilolipokea. Koti nililivaa mara moja tu, kwetu Rombo, mwezi wa saba. Mbwa wa jirani alikimbia na hakurudi kwa siku mbili. Shahada nayo ilinipa mkasa wake. Miaka michache baadaye nchi iliyonipa ilivunjika vipande vipande, na jina lake likafutwa kwenye ramani. Nilikaa ofisini nimejiinamia. Mama Elinami, mpiga chapa wetu, akanitazama juu ya miwani yake iliyofungwa kwa uzi.

"Unalia nini? Sasa hicho cheti hakuna wa kukunyang'anya. Mwenyewe hayupo."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Nawaambia mapema kwa sababu kwenye faili zote mtaona sahihi yangu tu, na sahihi hudanganya. Mama Elinami alikuwa mwanamke wa Machame, hakuwahi kukanyaga chuo kikuu, na alikuwa na desturi moja iliyonitesa kwa miaka mingi: taarifa ya kijinga haikupita kwenye mashine yake. Aliisoma yote kwanza, mikono mapajani, ndipo aamue kama vidole vyake vinastahili kuchoka.

Nilichosomea kinaitwa saikolojia ya kihistoria na kiutamaduni. Jina ni refu kuliko somo lenyewe. Somo ni hili: mtu hafikiri kwa ubongo mtupu. Hufikiri kwa maneno aliyoyakuta, kwa vidole, kwa alama, kwa kalamu, kwa wimbo, na kwa watu waliomtangulia. Basi ukitaka kujua mtoto amefika wapi, usimpime akiwa peke yake tu. Mpime pia akiwa na msaada kidogo, maana anachokiweza leo akishikwa mkono, kesho atakiweza mwenyewe. Tasnifu yangu, zaidi ya kurasa mia moja, ilihusu jinsi watoto wanavyotumia vitu vidogo vidogo kukumbuka mambo makubwa. Likumbukeni hilo. Mbele kidogo litaniaibisha.

Siku yangu ya kwanza ya kupima watoto nilifungua sanduku kwa mbwembwe kama mganga. Ndani mlikuwa na picha za dubu, za birika la chai refu kama mnara wa kanisa, na ya mtu aliyekaa juu ya ubao akiteleza kwenye theluji. Nikamwonyesha mtoto wa kwanza ile ya mwisho.

"Huyu anafanya nini?"

"Amekalia mlango."

"Na hii nyeupe yote ni nini?"

Mtoto akageuka dirishani, akanyoosha kidole kuelekea kilele cha Kibo, akanitazama kwa huruma. "Si ile ya pale juu? Lakini pale hakuna nyumba. Huyu alipotea, akang'oa mlango wa watu."

Kitabu cha majibu kilitaka aseme "majira ya baridi". Kwa kitabu alipata sifuri. Kwangu alikuwa ametunga kesi nzima ya polisi kwa sekunde kumi. Nikaandika sifuri. Nilikuwa mgeni kazini, na mgeni huogopa kitabu.

Vibao vya mbao vya kupangia vilipotea njiani kutoka bandarini, vikabaki sita. Nikaenda kwa fundi mmoja Singasinga aliyekuwa na karakana mjini, mzee mwenye kilemba cha bluu na vumbi la mbao kwenye ndevu, nikamwomba anichongee ishirini.

"Vya nini, mama?"

"Watoto wavipange."

"Halafu?"

"Halafu nawatazama."

Akaweka randa chini. "Hiyo ndiyo kazi?"

"Ndiyo kazi, Bwana fundi."

"Na nafasi nyingine ipo?"

Alinichongea thelathini kwa mbao za mgrivea, akavipiga msasa mpaka vikawa laini kama sabuni. Ndivyo vilivyomo mpaka leo. Navyo ndivyo vilivyonipa jina. Nilipoanza kupanda vijijini kwa pikipiki, sanduku limefungwa nyuma kwa mpira, watoto wa Uru walikimbia pembeni wakipiga kelele, "Mama Vibao! Mama Vibao!" Jina la baba yangu hakuna anayelijua huko. Pikipiki yenyewe nilifundishwa kwa siku moja, na somo la breki liliachwa kwa siku ya pili ambayo haikufika. Niliposhuka nilizima injini ili kubana mafuta, nikajikabidhi kwa Mungu na kwa migomba, ambayo kwa bahati ni laini.

Sasa nakuja kwa Manka.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mnaikumbuka kwa kusimuliwa: kahawa haikuwa na bei, watu waling'oa mibuni kimyakimya wakapanda nyanya, shule zikaanza michango ya hiki na kile, na wafadhili wakatuletea fomu mpya, ndefu, zenye karatasi laini. Fomu yetu ilikuwa na sehemu ya kumbukumbu, na juu yake maneno mazito: "Mtoto apimwe peke yake, bila kifaa chochote." Aliyeshindwa vibaya alipelekwa mbele ya kamati, na kamati iliweza kumwondoa darasani na kumpeleka kwenye kituo cha bweni, upande wa pili wa mkoa, walikowekwa watoto walioaminika kuwa hawafundishiki. Waliopelekwa sikuwahi kuona mmoja akirudi darasani.

Mwalimu Priska wa darasa la kwanza, shule moja ya Uru, aliniita. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya korongo.

"Mama Vibao, nina mtoto wa miaka minane, anarudia darasa la kwanza. Simwelewi. Nikimuuliza hajibu. Nikimgombeza hajibu. Nikimbembeleza ananionea huruma. Mwalimu mkuu ameshachoka, anataka aende."

Tulikaa kwenye ofisi ya mwalimu mkuu, kati ya kengele na gunia la maharage. Manka akaingia: mdogo, mguu mmoja una kandambili na mwingine una matope tu, gauni la mtumba lenye picha ya meli. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika kamba ya mgomba iliyokauka, ina mafundo, na kwenye mafundo vimechomekwa vijitu: unyoya, jani la kahawa, kipande cha kitenge.

"Weka hicho kitu mezani," nikamwambia.

Akakiweka. Polepole, kama mtu anayeweka yai.

Nikamsomea maneno kumi, nikamwomba ayarudie: nyumba, mkate, farasi, daraja, mfalme, sindano, wingu, kengele, samaki, ndugu. Hakusema hata moja. Nikarudia. Hakusema. Macho yake hayakutoka kwenye ile kamba. Nikamuuliza jina la bibi yake, akalitaja: Yustina. Nikarudi kwenye maneno, kimya. Nikajaza fomu, nikatia sahihi, nikampa mwalimu mkuu nakala ya kupeleka kwenye kamati. Manka alichukua kamba yake kwa mikono miwili, akasema "Asante, shikamoo," akatoka. Mimi nikashuka mjini nimezima injini, nimeridhika, nikiwaza chai.

Siku iliyofuata nilimpa Mama Elinami maelezo ya kirefu achape. Akasoma, mikono mapajani. Alifika mahali nilipoandika: "Muda wote wa jaribio mtoto alikodolea macho takataka iliyokuwa mezani."

"Takataka gani?"

"Kamba ya mgomba tu, mama. Ina mafundo mafundo."

"Mangapi?"

"Sikuhesabu."

"Ina nini kingine?"

"Vijitu vimechomekwa. Unyoya. Jani. Sijui."

"Na mwenye kamba alisema ni ya nini?"

"Sikumuuliza."

Akavua miwani. Akaichomoa karatasi kwenye mashine, ikatoka ikilia krrr. "Mimi sijasoma Urusi," akasema. "Lakini kwetu mtu mzima akikaa chini akafunga fundo, ana sababu. Wewe mtoto amekuja kwako na kichwa chake mkononi, ukamwambia akiweke mezani?"

Nikatazama meza yake. Tasnifu yangu, ile ya vitu vidogo vidogo vya kukumbukia, ilikuwa chini ya birika lake la chai, ikikinga meza isiungue. Ilikuwa imefanya kazi hiyo mwaka wa tatu. Naapa niliona jalada linanicheka.

Ilikuwa Jumatano. Kamati ilikuwa ikutane Ijumaa, na fomu yenye sahihi yangu ilikuwa imeshafika.

Alhamisi asubuhi nilipanda Uru kwenye tope la kufika magotini. Bibi Yustina nilimkuta kwenye kihamba chao, shamba linaloizunguka nyumba, chini ya migomba, akikatakata majani ya ng'ombe kwa panga kubwa kuliko mkono wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemwambia mjukuu wangu aweke kamba mezani."

"Ndiye mimi, bibi. Nimekuja kuomba radhi na kuuliza."

"Ungeanza na kuuliza, radhi usingeihitaji. Kaa. Usikae hapo, hapo ni pa kuku."

Hakunieleza kitu. Alinipa bakuli la mtori, akanitazama nikila, akatazama nikimaliza, akasema, "Manka akirudi shule, mfuate. Usiseme neno."

Manka alirudi, akala kiazi kwa haraka, akaketi na bibi yake. Wakachukua kamba mpya ya mgomba. Bibi alifunga fundo la kwanza, Manka la pili. Bibi akanong'ona, Manka akachomeka kitu. Walipomaliza, mtoto akaondoka, nami nyuma yake kama mbuzi.

Alifuata mfongo, ule mfereji wa maji unaoteremka mlimani na kupita kihamba kwa kihamba. Mnajua maji ya mfongo yana zamu, na zamu ina wenyewe. Kila nyumba Manka alisimama uani, akagusa fundo bila kulitazama, akasema kwa sauti safi ambayo sikuwahi kuisikia shuleni:

"Kwa Baba Deo: kesho, tangu alfajiri mpaka saa nne."

Fundo la unyoya. Baba Deo alifuga kuku.

"Kwa Mama Kristina: saa nne mpaka saa saba."

Kipande cha kitenge. Mama Kristina alikuwa fundi cherehani.

Fundo nene lilikuwa zamu ndefu, fundo jembamba zamu fupi, na nafasi kati ya mafundo ilikuwa muda wa maji kusafiri kutoka nyumba moja hadi nyingine. Nyumba kumi! Katika nyumba ya saba majirani wawili, mwanamume na mwanamke, walikuwa wanagombana, kila mmoja akidai maji ya kesho ni yake. Manka akatoa mfukoni kamba ya jana, akaweka kidole.

"Baba, wewe jana ulichukua fundo zima. Na mwisho ukaongeza, mama akasamehe. Kesho ni ya mama."

Mwanamume mzima mwenye sharubu akakuna kichwa. "Haya, Manka. Ni kweli."

Hapo mimi nilishindwa. Nilikuwa nimesoma maktaba nzima kutafuta jambo moja kama hili, na hili hapa limevaa kandambili moja. Nilicheka, nikaruka kumfuata ng'ambo, nikasahau upana wa mfongo, nikaangukia ndani chali.

"Yeleuwi!" akapiga kelele mwenye sharubu. "Mama Vibao, toka kwenye maji yangu!"

"Si yako," akasema Manka bila kugeuka. "Saa hii ni ya Baba Deo."

Niliporudi nimelowa, Bibi Yustina alinipa kanga na akanipa ukweli. Mume wake, Mzee Venansi, alikuwa mwenyekiti wa mfongo tangu ujana wake. Mwaka uliopita alianza kusahau. Siku moja aliwapa watu wawili maji ya asubuhi moja, na majembe yakainuliwa. Tangu hapo bibi na Manka walishika zamu kwa kamba, na watu wakadhani mtoto anatumwa na babu.

"Meku, mzee wangu, akijua tunamshikia kazi, aibu itamuua," akasema bibi. "Na watu wakijua watamvua. Manka nimemwambia: kamba hii mtu akikuuliza, funga mdomo. Hata mwalimu. Hata padri. Basi na wewe, uliyoyaona umeyaona."

Ndiyo sababu mtoto hakuzungumza, darasani wala kwangu. Kamba ilikuwa mezani mbele ya mtu mzima anayeuliza maswali, naye alikuwa na siri ya babu yake ya kulinda. Ukimya ule nilioupa sifuri ulikuwa kazi ngumu kuliko zote alizofanya siku hiyo. Nami nikaahidi, huku nikitetemeka kwa baridi: nitamtetea Manka mbele ya kamati, na mfongo sitautaja.

Kabla sijashuka nilimwomba jambo moja. Nikampa kamba tupu, nikamsomea yale maneno kumi polepole. "Subiri," akasema, akapotea kwenye migomba, akarudi na vijiti, maua na mfupa wa kuku. Akafunga, bibi akamshikia ncha. Akayataja yote kumi, kwa mpangilio, kisha kinyumenyume kwa kuringa. Nilishuka mlima ule nikiimba Kirusi kwa sauti kubwa. Mbuzi wawili na katekista mmoja walinipisha njia.

Ijumaa kamati ilikaa: mwalimu mkuu, Mwalimu Priska, muuguzi wa zahanati, na Katibu, bwana mwenye tai ya rangi ya komamanga na kalamu nne mfukoni. Kwenye benchi la wageni walikaa Manka, bibi yake, na Mzee Venansi mwenyewe, amevaa koti la Pasaka na kofia magotini. Nilitegemea abaki nyumbani.

"Taarifa iko wazi," akasema Katibu. "Kumbukumbu, sifuri. Sahihi ni yako mwenyewe."

"Naiondoa. Nilipima vibaya. Naomba apimwe hapa, akiwa na kamba."

"Fomu inasema peke yake, bila kifaa."

"Katibu, leo tuna ajenda ngapi?"

"Saba."

"Naomba ufunge daftari uzitaje."

Akacheka. Akafunga. Akataja kufungua kikao. Akataja hili la mtoto. Akatazama dari. "Na... chai."

Mwalimu Priska akacheka kwa ile sauti yake ya korongoni, na baada ya hapo hakuna aliyejizuia, hata muuguzi aliyekuwa na jino bovu. Katibu, kwa heshima yake, alicheka kuliko wote. "Haya, mpeni mtoto kamba."

Nikasoma maneno kumi. Manka akasimama, akatazama chumba kama mtu aliyeingia dukani. Kwa "sindano" akachukua pini kwenye faili. Kwa "mkate" akachukua punje ya maharage sakafuni. Kwa "kengele" akamwendea Katibu, akapiga goti kidogo.

"Naomba kifuniko cha kalamu."

"Utarudisha?"

Akakichomeka kwenye fundo. Kwa "mfalme" akarudi kwake tena, akavuta uzi mmoja uliokuwa unachomoza kwenye tai. Katibu alikaa wima kabisa, kama anavishwa nishani. Kisha Manka akashika ncha ya kamba, akapitisha vidole, akataja yote kumi. Muuguzi akapiga makofi.

"Ni ajabu," akasema Katibu, akiinamia ile kamba. "Lakini mtoto, ufundi huu umeujulia wapi?"

Manka akafunga mdomo. Katibu akanigeukia mimi. "Wewe unajua?"

Nilijua. Nilikuwa nimeahidi. Nilifungua mdomo, na vitabu vyote nilivyosoma havikunipa uongo hata mmoja. Nikaona Katibu anashika kalamu isiyo na kifuniko, anaelekea tena kwenye ile fomu.

"Kwangu."

Ni Mzee Venansi. Alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Ameujulia nyumbani kwangu. Mimi nimekuwa msahaulifu. Zamu za mfongo sizishiki tena. Anazishika huyu na bibi yake, kwa kamba kama hiyo. Mtoto hajibu kwa sababu ananificha mimi. Andikeni hivyo."

Bibi Yustina alijifunika uso kwa kanga. Kisha akaufunua upande mmoja. "Ulijua?"

"Nimesahau mengi, mama. Lakini kamba mpya kila siku ndani ya nyumba yangu, nisiione?"

"Na ukanyamaza mwaka mzima!"

"Mlikuwa mnafurahia sana kunificha. Ningewaharibiaje?"

Sijui nani alianza. Nakumbuka bibi akimpiga mzee begani kwa kanga, mzee akijikinga na kofia, Manka akiwatazama wote wawili na kisha, kwa mara ya kwanza, akicheka kwa sauti, meno mawili ya mbele hayapo. Mwalimu Priska alimbeba juu juu. Mtoto alibaki darasani kwake. Katibu aliandika uamuzi huo kwa kalamu isiyo na kifuniko, na kifuniko hakukipata kamwe, ingawa alinikumbusha kila tulipokutana mpaka alipohamishwa.

Niliogopa watu wa mfongo watamvua mzee. Niliwaendea kwa hotuba niliyoiandaa usiku kucha. Baba Deo alinikatiza katika sentensi ya pili. "Mama Vibao, sisi tunajua siku nyingi. Kamba yenyewe inapita nyumbani kwetu kila jioni na unyoya wa kuku wangu!" Mzee alibaki mwenyekiti mpaka mwisho wa maisha yake. Katika Uru nzima aliyekuwa hajui ni mmoja tu, mtaalamu.

Tangu wiki ile fomu zetu zina safu mbili. Ya kwanza, "Peke yake." Ya pili, "Na mwenzake." Mama Elinami ndiye aliyepiga mstari wa katikati, na hakuniuliza. Wafadhili walilalamika, wakabadilika, wakaja wengine. Baadaye zikaja shule za Kiingereza, na wazazi wa mjini wakaanza kuniletea watoto wa miaka mitatu. "Nataka cheti kwamba ana akili nyingi," mama mmoja aliniambia. Nikampa vibao, yeye na mtoto. Wakajenga kitu kwa saa nzima, mama akasahau cheti na mkoba. Nawaachieni njia hiyo. Haishindwi.

Na msiwanyang'anye watoto kitu chochote mlangoni kabla ya kuuliza. Nina hakika mtawanyang'anya. Mimi nilifanya, nikiwa na tasnifu juu yake.

Siku mliyoniaga, mliona mwanamke aliyekuja amechelewa, na matope kwenye viatu vyote viwili. Huyo ndiye Manka. Sasa ni katibu wa mfongo na anaandika zamu kwenye daftari, lakini daftari limefungwa kwa kamba ya mgomba. Aliitazama ile iliyo kwenye msumari wangu, yenye pini, punje ya maharage, uzi wa tai na kifuniko cha kalamu.

"Unayakumbuka bado, mama?"

Nikashusha kamba. Nikapitisha vidole. Sindano. Mkate. Kengele. Mfalme. Nikakwama. Kipande cha chaki? Kijiti cha kiberiti? Utepe wa faili? Nilijikuna kichwa kama yule mwenye sharubu. Manka akashika ncha ya pili, kama bibi yake alivyofanya, akaanza, "Nyumba..." na mengine yakafuata, sita yote, tukiyasema kwa pamoja, mimi nikichelewa nusu neno.

Basi jazeni fomu yangu ya mwisho muiweke kwenye faili. Jina: Mama Vibao. Kumbukumbu, peke yake: nne. Na mwenzake: kumi.